Ulimi Mzito Si Moyo Mzito

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, naanza kwa kuungama kosa. Usiku mmoja katika darasa letu mzee mmoja aliyesilimu ukubwani alisoma Alhamdu. Alipofika penye haa ya Rahmani, alitamka haa ya Kiswahili, kama tusemavyo "hapa" na "huku". Vijana wawili watatu wakacheka. Mzee akaifunga juzuu yake taratibu, akavaa viatu, akaenda zake. Wiki ya pili hakuja. Nami niliyeketi mbele kama mwalimu nilinyamaza. Nilipomwendea nyumbani, aliniuliza suali moja tu: "Maalim, Mungu ataipokea sala ya ulimi huu?"

Basi na tuutazame ulimi huo kabla ya kuucheka. Pumzi hutoka mapafuni, ikapanda katika koo la hewa hata ikafika kwenye kikoromeo. Humo mna nyuzi mbili za sauti. Mtu anyamazapo huachana ili pumzi ipite. Asemapo hukaribiana, na pumzi huzitikisa: kwa mwanamume kadiri ya mara 120 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke kadiri ya mara 200. Weka kidole juu ya kikoromeo chako, useme "sss", kisha useme "zzz". Ya pili utaisikia ikitetemeka na ya kwanza haitetemeki, ilhali ulimi haukuondoka mahali pake. Na mtetemo huo peke yake ni mvumo tu. Waufanyao kuwa neno ni ulimi, kaakaa, meno, pua na midomo. Ndiyo maana katika Sura ya Al-Balad Mola wetu ametuhesabia ulimi na midomo miwili pamoja na macho, katika neema zake.

Sasa, haa ya Kiswahili hutoka chini kabisa ya koo, pale penye nyuzi. Haa ya Rahmani hutoka katikati ya koo, shina la ulimi likirudi nyuma na njia ikabana. Masafa ni madogo, lakini madogo haya hubadili maana: qalbu ni moyo, na kalbu ni mbwa, na tofauti ni kwamba qafu hutamkwa nyuma zaidi, karibu na kimio. Kwa hiyo elimu ya tajwidi si pambo, wala hatusemi iachwe.

Lakini kwa nini mtu mzima hupata taabu? Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walieleza walivyowapima watoto wachanga. Watoto wa miezi sita hadi minane walizitambua tofauti za sauti za lugha za kigeni. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi wao hawakuzitambua tena. Sikio hujifunga katika lugha ya nyumbani, mtoto akiwa bado hajajua kutembea sawasawa. Mzee wetu hakuchagua jambo hilo, wala halikutoka katika upungufu wa imani. Mwarabu aliyekulia katika Kiarabu kitupu naye husema "ba" mahali pa "pa" yetu. Je, tumcheke? Mwenyezi Mungu ametwambia katika Sura ya Ar-Rum kwamba kuhitilafiana kwa ndimi zetu ni katika ishara zake. Na katika Sura ya Al-Hujurat amekataza watu wasidharau watu.

Tazameni walivyofanya waliotutangulia. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alizipanga herufi kwa kufuata mahali zinapotokea, tangu kooni hata midomoni. Alipotaka kuijua herufi, aliitanguliza alifu, kisha akasimama juu ya herufi yenyewe, akasikiliza inatokea wapi. Mwanafunzi wake Sibawayhi, aliyekuwa Mwajemi, si Mwarabu, ndiye aliyekuja kuwa imamu wa sarufi ya Kiarabu. Na Ibn Sina, tabibu, aliandika risala nzima juu ya namna herufi zinavyozaliwa kooni na kinywani. Hawa waliuliza: inatoka wapi? Sisi tunauliza: huyu ametoka wapi?

Basi, walimu wenzangu, tuweke fimbo chini na kicheko pia. Mwonyesheni mwanafunzi mahali pa herufi. Mwambieni atangulize alifu na asimame juu yake, leo, kesho na kesho kutwa, maana koo hufundishika kwa mazoezi kama mkono wa seremala. Na wewe mwenye ulimi mzito, usikate tamaa, wala usifanye uzito kuwa kisingizio cha kutojifunza. Aliyejitahidi akashindwa, wanavyuoni wamempa udhuru. Na katika hadithi ya Bi Aisha, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amembashiria asomaye Qur'ani kwa taabu kuwa ana thawabu mbili.

Hilo ndilo jawabu nililompa mzee. Amerudi darasani. Vijana waliocheka wamemwomba radhi, nami nimemwomba mbele yao. Haa yake bado haijakaa sawa. Lakini aliyehitaji kufundishwa zaidi usiku ule nilikuwa mimi.

Mola azifungue ndimi zetu kwa haki, na azizuie na dharau. Amin.