Wanaosema Njiani Hakuna Kitu

Kuna kauli moja inanikera wiki hii na haitaki kuniachia. Utaikuta katika ratiba za safari na midomoni mwa watu waliokwishakwenda: kwamba kati ya hifadhi moja na nyingine hakuna kitu, kwa hiyo watoto walale tu garini. Inasemwa kuhusu barabara za kusini magharibi mwa Marekani, zile zinazounganisha hifadhi za taifa na miji ya jangwani. Safari yenyewe inajulikana. Familia inatua Las Vegas, inakodi gari, inalala usiku mmoja chini ya mataa, kesho yake inakwenda Zion kutazama majabali mekundu. Kutoka hapo inafika Page kupiga picha mahali mto Colorado unapojikunja kama nyoka, inapita Monument Valley, inasimama ukingoni mwa Grand Canyon, kisha inamalizia Phoenix, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Kilomita zaidi ya elfu moja zinatafunwa kwa wiki moja, na zinaporudi kama simulizi huwa zina sura mbili tu. Sura ya kwanza ni hifadhi, ambazo ni usafi na utukufu wa Mungu. Sura ya pili ni Las Vegas, ambayo ni anasa, kamari na ufujaji. Zilizobaki zote ni usingizi. Mimi nasema simulizi hiyo imekosea hesabu kote kuwili, na kwamba jambo kubwa kuliko yote katika safari hiyo liko hapohapo walipolala.

Tuanze na mji unaolaumiwa, maana lawama zisizo na mizani hupofusha. Jina Las Vegas ni la Kihispania, nalo lina maana ya nyanda za majani. Palikuwa na chemchemi pale, na ni chemchemi hizo zilizowavutia wajenzi wa reli. Viwanja vya mji viliuzwa kwa mnada mwezi Mei 1905. Kufikia 1962 chemchemi zilikuwa zimeacha kububujika, kwa kunyonywa na visima. Leo karibu asilimia 90 ya maji ya mji ule yanatoka mto Colorado kupitia ziwa Mead, lile lililozaliwa na Bwawa la Hoover lenye kimo cha mita 221. Mgeni akiona zile chemchemi za kuchezeshwa kwa muziki mbele ya mahoteli, akalitazama ziwa lililonywea mpaka mwaka 2022 likabaki na takriban asilimia 27 tu ya ujazo wake, anahitimisha kwamba amemshika mwizi. Hajamshika. Maji karibu yote yanayotumika ndani ya majengo ya Las Vegas, ya vyooni, ya mabafuni na ya jikoni, husafishwa na kurudishwa ziwani. Kinachopotea hasa ni yale yanayomwagwa nje kwenye bustani, na kwa ajili hiyo mamlaka ya maji ya huko imekuwa ikiwalipa wenye nyumba wang'oe nyasi, na mwaka 2021 jimbo la Nevada likapitisha sheria ya kuziondoa nyasi za mapambo katika eneo hilo, zisizo za nyumba za familia mojamoja, ifikapo mwisho wa 2026. Nevada nzima, pamoja na kasino zake zote, ina haki ya chini ya asilimia 2 ya maji ya mto ule yaliyogawiwa.

Yanakwenda wapi basi? Yanakwenda shambani. Mto Colorado unahudumia watu wapatao milioni 40, lakini kilimo kinachukua zaidi ya matumizi mengine yote yakiwekwa pamoja, na ndani ya kilimo mlaji mkubwa ni malisho ya mifugo, hasa lusini. Wilaya moja tu ya umwagiliaji, ya Imperial Valley kusini mwa California, ina haki ya maji mara 10 ya jimbo zima la Nevada. Hata nchi za Ghuba zimo. Saudi Arabia ilipoamua kuacha kulima majani ya mifugo ili inusuru maji yake ya chini ya ardhi, kampuni ya huko ilikodi ardhi Arizona, ikavuta maji ya chini ya ardhi ya Arizona na kusafirisha majani hayo kwa meli kulishia ng'ombe wa maziwa, mpaka serikali ya jimbo ilipoanza kufuta mikataba hiyo mwaka 2023. Hayo yote hayana mataa. Ni kijani kibichi tu kinachopita dirishani, na ni nani atamwamsha mtoto aone majani? Ndiyo maana ufujaji unatafutwa penye kelele, na anayekunywa zaidi ananyamaza tu.

Sasa twende kwenye upande unaosifiwa. Grand Canyon ni pazuri kupita maneno. Korongo hilo lina urefu wa kilomita 446, kina chake kwa sehemu nyingi ni zaidi ya kilomita moja na nusu, na lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Msafiri anaambiwa kwamba Wamarekani waliliacha kama walivyolikuta. Lakini katika miaka ya 1960 serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa na mpango wa kujenga mabwawa mawili ndani ya korongo lile, moja juu ya hifadhi ya wakati huo na jingine chini yake. Shabaha ilikuwa umeme, na umeme huo sehemu yake ungesukuma maji ya mto Colorado kuvuka jangwa la Arizona hadi Phoenix na Tucson. Wapenzi wa mazingira, wakiongozwa na chama cha Sierra Club, walisimama kidete, wakanunua kurasa za matangazo magazetini, wananchi wakaandika barua kwa maelfu, na mwaka 1968 mabwawa yakafutwa. Ni ushindi wa kweli na ninauheshimu. Bila ya watu wale, leo sehemu ya korongo ingekuwa ziwa la boti.

Ila mfereji wa kwenda Phoenix haukufutwa. Sheria ileile ya 1968 iliyoyaondoa mabwawa iliuidhinisha mfereji, nao una zaidi ya kilomita 500, na maji humo hupandishwa zaidi ya mita 800 kabla ya kumaliza safari yake. Maji hayapandi mlima kwa dua. Ulihitajika umeme kutoka mahali pengine, na mahali pengine hapo pakapatikana karibu na Page, katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Hapo ulijengwa Navajo Generating Station, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 2,250, wenye dohani tatu zilizozidi mita 230 kila moja, ambao serikali ya Marekani ilikuwa na hisa karibu robo. Makaa yalichimbwa Black Mesa, kwenye ardhi ya Wanavajo na jirani zao Wahopi, yakaletwa kwa reli ya umeme ya kilomita 125. Mtambo ulianza kazi 1974 na ulizimwa Novemba 2019. Kwa zaidi ya miaka 30 ndani ya muda huo moshi ule ndio ulioinulia Phoenix maji. Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa: korongo linalopigwa picha liliokolewa, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye ardhi isiyopigwa picha. Hata moshi haukukaa kwao. Uliififisha hewa ya Grand Canyon kiasi kwamba mwaka 1991 ilibidi yafanyike makubaliano ya kufunga mitambo ya kunasa salfa. Jangwa lile si vipande viwili. Ni mto mmoja, na mkono ukiushika huku unatikisika kule.

Ardhi ya Wanavajo, wanaojiita Diné, ina kilomita za mraba zipatazo 71,000. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazifiki hapo. Ndiyo hiyo inayoitwa njiani hakuna kitu. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga watu wale kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico, wengi wakafa, na mwaka 1868 walitia sahihi mkataba uliowarudisha kwao, kwenye nchi ambayo wangeishi na kulima. Leo, kwa makadirio yanayotajwa sana, karibu nyumba moja kati ya kila tatu katika nchi ile haina maji ya bomba. Watu huendesha pikapu zenye mapipa hadi kwenye bomba la jumuiya, hujaza, hurudi, na kesho kutwa huenda tena. Msomaji anayejua foleni ya madumu na bei ya boza hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba wao wako jirani na ziwa Powell, moja ya hifadhi kubwa za maji za Marekani, na juu ya vichwa vyao zilipita kwa zaidi ya miongo mitatu nyaya za umeme wa kusukuma maji ya watu wengine. Baadhi ya visima navyo viko karibu na migodi ya urani iliyotelekezwa, ambayo katika ardhi ile inazidi 500. Wanavajo walikwenda mahakamani wakisema: nchi ya kuishi na kulima bila maji ni nchi gani? Tarehe 22 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwatafutia maji. Na mto wenyewe uligawanywa mwaka 1922 baina ya majimbo saba, bila mwakilishi hata mmoja wa wenyeji mezani, kwa vipimo vya miaka ya mvua nyingi isiyo ya kawaida. Tangu siku hiyo mto umegawiwa zaidi ya maji ulionayo.

Yupo atakayesema kwamba nimesahau upande wa pili: mtambo ule uliwapa Wanavajo na Wahopi ajira na mapato. Sikusahau. Mamia ya watu walifanya kazi pale, wengi wao wenyeji, mishahara yao ililea koo nzima, na ulipokaribia kufungwa walikuwepo viongozi wa Wanavajo waliohangaika usifungwe. Hilo ni kweli na halinipi raha. Lakini angalia hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba watu wale waliwekwa mahali pa kuchagua baina ya mshahara na mapafu, wakati anayefaidi maji hakuulizwa achague chochote. Mwenye njaa akikubali mzigo, kukubali kwake hakumwondolei aliyempa wajibu wa kuulizwa.

Pingamizi la pili ndilo zito zaidi kwangu, maana linatoka kwa wazazi. Wanasema: tumebana matumizi mwaka mzima ili tupate siku saba za kucheka na watoto, na wewe unataka tugeuze likizo kuwa msiba. Ninawaelewa. Furaha ya familia si jambo la kudharau, na mtoto aliyeona jua likizama kwenye Grand Canyon akiwa mabegani mwa baba yake amepata urithi. Sitaki mtu yeyote aache kwenda. Ninachokataa ni fundisho linalopandwa kimyakimya ndani ya safari ile: kwamba dunia ina sehemu za kustaajabia, sehemu za kustareheshea, na sehemu za kupita tu, na kwamba wanaoishi sehemu za kupita tu nao ni wa kupitwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuuliza maji ya bwawa la hoteli yametoka wapi. Ni swali zuri kuliko yote atakayouliza wiki ile, na jibu lake limelala barabarani, kilomita kwa kilomita, kwa yeyote asiyefumba macho. Nani amesema ukweli unaharibu likizo? Watoto hupenda kujua. Watu wazima ndio wanaochoka.

Wala asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wamarekani, sisi hayatuhusu. Phoenix, Tucson na Salt Lake City zina familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, nyingi zimetoka Kongo na Burundi kwa njia ya kambi za wakimbizi, na watoto wao wamezaliwa hapo. Phoenix wanajua jangwa lilivyo. Mwaka 2023 walipitia siku 31 mfululizo za joto lililofika au kuzidi nyuzi 43. Maji yanayotoka bombani kwao Phoenix na Tucson ni sehemu ya hayahaya. Watu hawa wanajua zaidi ya watalii wengine maana ya kuhamishwa na ya kupanga foleni bombani, na wanajua inavyouma nchi yako inapoitwa pori tupu na mtu anayepita na gari. Sidhani kuna kundi la wasafiri lenye haki kubwa zaidi ya kuusimulia mto ule, wala lenye sababu ndogo zaidi ya kurudia kauli ya kwamba katikati hakuna kitu.

Basi ombi langu ni kwao kwanza, kisha kwa yeyote anayepanga safari ile shule zikifungwa. Piteni Zion, simameni ukingoni mwa Grand Canyon, laleni hata Las Vegas mkitaka. Lakini mkitoka Page kuelekea Kayenta kwa barabara namba 98, mtapita palipokuwa na dohani zile tatu. Zilibomolewa mwishoni mwa 2020. Punguzeni mwendo hapo. Pikapu yenye pipa la maji ikitokea mbele yenu, waonyesheni watoto inakotoka na inakokwenda. Kayenta nunueni mkate na chakula cha mchana kwa wenyeji, mkae kidogo, muwape salamu kama mnavyowapa wenye nyumba. Na kabla ya kufika huko kote, mkiiacha Page nyuma tu, waamsheni watoto.