Nani Aanze Kumkubali Binti Huyu?

Mara nyingi sisi wazee humwambia binti mwenye upweke, "Jikubali kwanza, na marafiki watakuja." Neno hili lasikika kuwa la busara, nasi tulilisema darasani miaka mingi. Leo twaomba tulipime upya, kwa maana lilitushinda hapa hapa Dindira.

Alikuja shuleni binti wa darasa la tano, mtoto wa mchuma chai aliyehamia huku mlimani kutoka mashamba ya mkonge. Kisambaa hakukijua, na wenzake wakamcheka. Asubuhi moja yenye ukungu mama yake alipita kando ya shule, kapu mgongoni. Wenzake wakauliza, "Yule nani?" Akajibu, "Simjui."

Siku ile alipata marafiki. Lakini walimpenda nani? Walimpenda binti asiyekuwapo. Yule aliyekuwapo alizidi kuwa peke yake, na tena sasa aliogopa kila mama yake alipotokea njiani.

Tulimwita, tukamwambia, "Jikubali, mwanangu," kisha tukarudi kusahihisha madaftari. Tulikuwa tumempa kazi ambayo mtoto hawezi kuifanya peke yake. Mtu hauoni uso wake bila kioo. Na thamani yake, hasa utotoni, huiona kwanza machoni pa mwingine.

Twakumbuka habari za Siti binti Saad, ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mwana wa Tanga yetu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ufukara, akauza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, naye hakuwa na ukoo mkubwa wala sura ya kusifiwa. Ali Muhsin alitambua sauti yake, akamfundisha. Baadaye wakaketi pamoja naye wapigaji kama Subeti Ambar na Mbaruk Talsam. Mwaka 1928 nyimbo zake zilirekodiwa Bombay. Wapinzani walipomdhihaki kwa sura yake, aliwajibu kwa wimbo uliotukuza akili kuliko uzuri na nasaba.

Wengi husifu ujasiri wake, na wana haki. Lakini tuangalie pia kwamba alijibu hali ameketi kati ya wenzake. Sauti ilikuwa yake tangu Fumba. Wenzake hawakumpa sauti. Walimpa mahali pa kuitoa.

Je, binti mwenyewe hana lake la kufanya? Analo. Hatuna budi kumwambia kwamba urafiki ulionunuliwa kwa kumkana mama hauwezi kumpumzisha, kwani kila siku atalipa tena. Lake ni kuacha kujificha. Letu ni kumsogelea, ili akitoka mafichoni amkute mtu.

Aliyetufundisha hayo alikuwa mtoto mwingine wa darasa lile lile. Siku moja, wakipalilia bustani ya shule, alimwomba yule mgeni amfundishe maneno machache ya lugha ya kwao. Ndiyo tu. Baada ya majuma machache tuliwaona wote wawili njiani jioni, yule binti akimpokea mama yake kapu.

Mabinti wa namna hii wangali kati yetu. Huketi benchi la nyuma, hutoka upesi. Tusiwaambie wajikubali kabla hatujaketi nao.