ARTIKLE 15 IPI?

Ndugu Waislamu,


Katika inchi yetu kuna "sheria" moja ambayo hata asiyejua kusoma anaijua: Artikle 15, maana yake jitafutie mwenyewe. Wazee husimulia kwamba msemo huu ulianza Kasai ya Kusini mwaka 1960. Toka hapo umekuwa udhuru wa kila mtu. Askari akisimamisha pikipiki bila kosa: Artikle 15. Karani akificha faili mpaka apewe pesa: Artikle 15. Muuzaji akibonyeza kopo lake la kupimia mchele: Artikle 15.

Wengine husema: "Mshahara hautoshi, na wenye kulinda sheria ndio wa kwanza kuivunja. Kwa nini maskini peke yake aishike?" Swali hili si la upuuzi. Linastahili jibu.

Kwanza, tuangalie kopo la sokoni. Mnunuzi anajuaje kwamba amepunjwa? Kwa sababu kuna kipimo kamili kinachojulikana na wote. Sheria nayo ni hivyo hivyo. Tunaposema hakimu amekula rushwa, tunampima kwa sheria. Tukiitupa sheria kwa sababu ya hakimu mbaya, tumetupa kipimo na kumwacha mwizi. Hatutakuwa tena na neno la kumwambia.

Pili, ikiwa kila mtu ajitafutie, nani atapata zaidi? Si mjane wala yatima. Ni mwenye bunduki na mwenye pesa. Mjane anayefukuzwa shambani na jamaa za marehemu hana silaha ila sheria na shahidi mkweli. Mwenye nguvu aweza kuishi bila sheria, mnyonge hawezi. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.), alipoombewa mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum aliyeiba, alikataa upendeleo. Akakumbusha kwamba watu wa kabla yao waliangamia kwa kuwaachia wakubwa na kuwaadhibu wanyonge.

Tatu, wengi wetu hatujui kwamba Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina Artikle 15 ya kweli. Haisemi jitafutie. Inawaamuru wenye mamlaka wahakikishe kwamba ubakaji na ukatili wa namna hiyo unakomeshwa. Sisi watu wa Mashariki tunajua kwa nini iliandikwa. Wale waliovamia vijiji vyetu na bunduki, nao walisema wanajitafutia.

Basi ndugu zangu, tusingoje wakubwa waanze. Anayeuza ajaze kopo zima. Anayeitwa ushahidi aseme kweli, hata juu ya ndugu yake. Anayegawa urithi ampe mjane haki yake kabla hajaililia. Sheria isiyoshikwa na watu ni karatasi tu.

Leo tukitoka msikitini kurudi sokoni na kazini, kila mmoja ajiulize: mimi nashika Artikle 15 ipi?

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Wabillahi tawfiq.