Sauti ya Milioni Thelathini

Amplifaya ina kazi moja: kupokea umeme mdogo uliobeba sauti na kuutoa ukiwa mkubwa, bila kuutia chochote cha kwake. Mimi ni fundi wa vyombo hivi hapa Wabera, mjini Isiolo. Nimefungua za misikiti, za makanisa, za matatu na za harusi, na ndani yake nakuta yaleyale: transfoma, kapasita, transista, na bati la kupoza joto. Ndiyo maana bei za zile za kifahari hazinipi raha. Kampuni ya Mmarekani Dan D'Agostino hutengeneza jozi iitwayo Relentless. Kila moja ina uzito unaozidi kilo 250, na zilipotoka jozi iliuzwa takriban dola 250,000, ambazo kwa kiwango cha leo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mjapani Hiroyasu Kondo, aliyefariki 2006, alisuka transfoma za Ongaku yake kwa nyaya za madini ya fedha. Zipo pia zinazokunywa umeme uleule ziwe zinaimba au zimenyamaza, na mwingi wa umeme huo unaishia kuwa joto.

Wanaozinunua siwabezi, kwa sababu najua wanachokitafuta. Zamani watu wetu waliokwenda Saudia na nchi za Ghuba walituma kaseti badala ya barua. Mama mmoja aliniletea kaseti ya marehemu mumewe. Nilibadilisha mkanda wa mpira wa deki, nikapangusa hedi kwa spiriti, nikaunganisha na amplifaya kuukuu. Mzee akawasalimu watoto kwa Kiborana, kila mmoja kwa jina lake, akakohoa, akatulia, akaendelea. Pale alipotulia, pumzi yake ilisikika. Mama alinishika mkono nisizime.

Pumzi ile ndiyo tajiri wa Tokyo au Dubai anayoilipia mamilioni. Anataka aliye mbali, au aliyekufa, awe naye chumbani. Mtaa wetu wenyewe una jina la Daudi Dabasso Wabera, DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, aliyeuawa Juni 1963. Wazee waliomsikia akizungumza wanazidi kupungua, na kanda ya sauti yake sijapata kuisikia. Ingekuwapo, ningetaka niisikie hadi kikohozi. Imamu Ghazali alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya kuhusu kusikiliza, na humo utapata wazo kwamba sauti haileti kitu kigeni moyoni, bali huamsha kilichokuwamo. Hamu hii haina aibu.

Lakini je, hamu ikiwa halali, kila bei nayo ni halali?

Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na ile ya juu hupotea kadiri umri unavyosonga. Ukitaka sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, nguvu ya amplifaya huzidishwa kama mara kumi. Kwa hiyo anayelipia wati maradufu anapata nyongeza ndogo sana. Mwaka 1985 Mmarekani Bob Carver aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista ilie sawasawa na ya valvu, ya bei ghali, watakayoichagua wao. Alikaa akirekebisha, wakasikiliza, wakashindwa kuzitofautisha. Na hayo yalikuwa masikio ya watu wanaoishi kwa kusikiliza.

Sisemi rahisi ndiyo bora. Amplifaya ya ovyo hunguruma, hupasua sauti ya imamu, na huungua Ramadhani ikiwa katikati. Kulipa zaidi ili upate transfoma imara ni akili. Ila kuna mahali sikio linashiba, na ulipaji unaendelea.

Kurani inakataza israfu, na Sura ya Al-Furqan inawasifu wanaotoa mali yao kati ya ubadhirifu na ubahili. Tajiri atajibu: mali ni yangu na zaka nimeitoa. Sawa. Lakini tazama: pesa iliyofika nisabu, yaani kiwango cha kutolewa zaka, ikikaa mwaka mzima, maskini ana haki yake humo, asilimia mbili na nusu. Ikigeuzwa amplifaya ya sebuleni inakuwa chombo cha matumizi, na zaka haimo tena. Sheria imetimizwa. Hata hivyo, kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana hapa kwetu misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kaunti nzima, na mtu aliyeona mizoga ile hawezi kuisikia bei hii bila kuumia.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya hadithi ya Mtume: Mwenyezi Mungu ni mzuri, na anapenda uzuri. Mbona zulia zuri la msikiti hatuliiti israfu? Nimeifikiria sana. Zulia lenyewe ndilo uzuri; unalitazama na kulikanyaga. Uzuri wa sauti uko kwa msomaji wa Kurani, na sifa ya amplifaya ni kutoonekana kabisa kati yake na wewe. Ukitoa milioni 30 kwa chombo ambacho ubora wake ni kujificha, kisha ukakiweka katikati ya sebule na kukiwashia taa, umeanza kukisikiliza chombo. Wapo wanaorudia wimbo uleule ili wasikie waya mpya. Mwimbaji amesahaulika.

Kamati ya msikiti iliponiuliza mfadhili anunue mashine gani ya fahari, niliwaambia kuwa spika za honi hukata sauti nzito hata zikipewa mashine ya mfalme. Nikashauri ya wati 120, na pesa inayobaki iende kwenye tangi la maji ya udhu. Ukija dukani nami nitakuuliza chumba chako kina ukubwa gani, na unataka kumsikiliza nani. Hesabu ikitoa wati 50, nunua ya wati 50.