Turbo ya Pili

Lori lilikuwa la mfanyabiashara wa Kasongo. Lilipeleka mchele Kabambare na kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, likarudi na chumvi, sabuni na simenti. Kiangazi kimoja likaanza kuchoka milimani na kutoa moshi wa buluu. Fundi akafungua mpira wa hewa, akakuta oili, akasema turbo imekufa. Hapo hakukosea. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza imeuawa na nini.

Ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Mapanga ya upande wa hewa yalikuwa yamelika kingo, membamba kama wembe, na kinachoyala hivyo ni vumbi. Filta ya hewa ilikuwa ya karatasi, imeoshwa kwa petroli na kugongwagongwa kwenye tairi mpaka ikachanika. Ikarudishwa vilevile. Turbo ikatupwa kwenye vyuma chakavu, nyingine ya okazyo ikaagizwa kutoka Bukavu.

Turbo si kifaa cha kufungwa kwa haraka. Wazo lake lilisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe gurudumu, nalo lisukume hewa zaidi ndani ya silinda. Shafti yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na haigusani na bushi zake. Inaelea juu ya utando wa oili. Oili inaingia kwa juu ikisukumwa na pampu, ila inarudi chini kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kurudishia lazima liwe wazi kabisa.

Turbo ya Bukavu ilipofika, gasketi ya bomba hilo ilikuwa imechanika. Fundi akapaka silikoni, tena kwa ukarimu, akakaza. Ilipobanwa, nusu yake iliingia ndani. Injini ikawashwa, akavuta moto mara kadhaa ili patroni asikie turbo ikipiga mluzi. Watu wakafurahi.

Safarini, kabla ya kufika Kabambare, mlimani, oili iliyokosa njia ya kushuka ilijipenyeza kwenye sili ikaingia kwenye hewa ya injini. Dizeli haibagui: ikipata oili, inaichoma kama mazutu. Injini ikapanda yenyewe ikilia, barabara ikafunikwa moshi. Shofere akakata mazutu, haikuzimika. Konvoyeri alitaka kuziba mdomo wa hewa kwa kiganja, na namshukuru Mungu alizuiwa, maana mfyonzo ule hauna huruma na mkono. Shofere akatia gia ya juu kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zote, akaachia klachi. Injini ikafa kwa kishindo.

Fundi mzee wa Kabambare hakuanza na turbo. Alitaka kwanza kujua moshi ulikuwa wa rangi gani. Ukiwa mweusi, hewa haitoshi, na mara nyingi ni mpira uliopasuka au klempu iliyolegea, turbo inasingiziwa. Ukiwa wa buluu, oili inaungua. Kisha akashika shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kukihisiwa waziwazi, au mapanga yakigusa nyumba yake, imekwisha. Hii ilikuwa imekwisha. Ndipo akafungua bomba la kurudishia na kuvuta utepe mwekundu wa silikoni.

“Mzee, basi tulete nyingine,” patroni akasema.

“Ngoja kwanza, mwanangu. Lete gasketi, filta mbili, na oili ya dukani, si ya chupa za kando ya barabara.”

Akazibua pia kipumulio cha injini, kwa sababu injini isipopumua oili hairudi hata bomba likiwa safi. Akashusha kipoza hewa, akakiosha na kumwaga oili iliyobaki, isije injini ikakimbia tena. Turbo ya tatu ilipofika, aliimiminia oili kwa mkono, akazungusha injini kwa stata bila mazutu mpaka presha ikapanda, kisha akaiacha ingurume polepole. Patroni alipoomba asikie mluzi, alikataliwa.

Shofere akapewa amri yake: baada ya mlima asizime ghafla, aache injini ingurume dakika 3, la sivyo oili itaungua na kugandia kwenye shafti yenye moto. Patroni akalalamika kwamba huko ni kuchoma mazutu bure. Mzee akamwuliza turbo ya Bukavu aliinunua kwa lita ngapi za mazutu.