Alama Nzuri za Shule Zinatufikisha Wapi?



Kila mwaka ifikapo Agosti, kundi letu la WhatsApp la wazazi huwa na pilikapilika. Alhamisi ya matokeo ya GCSE picha huanza kumiminika asubuhi na mapema: karatasi za matokeo, alama 9, alama 8, "Hongera mama", "Mungu ni mwema". Jumapili yake tunawaita vijana mbele ya kanisa, tunawaombea, na vigelegele vinapigwa. Ni jambo jema na tusiliache.

Lakini sisi tunaohudumu mlangoni tumeona jambo jingine. Jumapili hiyo kuna familia ambazo hazifiki. Kuna mama huja peke yake, na ukimwuliza kijana yuko wapi, anasema ana mafua. Mafua ya Agosti.

Miaka mitatu iliyopita mafua hayo yaliingia nyumbani kwetu. Kijana wetu alipata alama 3 katika hisabati, wakati kiwango cha kufaulu ni 4. Hatukumpiga wala hatukumtukana. Tulimwambia tu kwamba Jumapili hiyo apumzike nyumbani. Sisi tulikuja kanisani, tukasimama mlangoni na kupokea watu kwa tabasamu, na walipomwulizia tukasema hajisikii vizuri. Tulidhani tumemsitiri. Baadaye tukaelewa kwamba siku ile tulimfundisha somo, na yeye akalielewa vizuri kuliko hisabati.

Kwa hiyo leo tuulizane swali ambalo wengi wetu tumelala nalo: je, alama nzuri za shule ndizo zinazomfanya mtu afanikiwe baadaye?

Tusidanganyane: alama ni mlango

Kuna mahubiri mepesi yanayosema alama si kitu, cha muhimu ni moyo. Sisi wageni katika nchi hii hatuwezi kusema hivyo. Tunajua uzito wa karatasi. Wengi wetu tulifika hapa na vyeti vya nyumbani ambavyo hakuna aliyetaka kuvisoma. Walimu wamefagia ofisi, wahasibu wamepanga masanduku ghalani usiku. Na wengi tumeanza kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba za wazee, kisha tukarudi darasani tukiwa na miaka thelathini na kitu, tukikaa na watoto wa watu.

Hapa England, kijana asiyepata alama 4 katika Kiingereza na hisabati anatakiwa kuendelea kusoma masomo hayo hadi atimize miaka 18. Vyuo vingi vinavyofundisha uuguzi huuliza alama hizo hizo mbili kabla ya kumsikiliza mtu. Unaweza kuwa na huruma kama ya Msamaria mwema, lakini bila karatasi hiyo utabaki kwenye baraza. Kwa hiyo mzazi anayefanya zamu mbili ili alipe tuisheni hafanyi upuuzi. Anamtafutia mtoto mlango ambao yeye mwenyewe alifungiwa.

Lakini mlango si nyumba.

Alama inapima nini?

Tukumbuke mwaka 2020. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona. Alhamisi tarehe 13 Agosti vijana wa A level walipewa alama zilizokokotolewa kwa kanuni ya kompyuta, ambayo iliangalia pia matokeo ya shule zao ya miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama zilitoka chini ya zile walizokadiria walimu. Vijana walilia, wengine wakapoteza nafasi za vyuo. Jumatatu tarehe 17 serikali ikageuka na kukubali makadirio ya walimu.

Mtoto aliyekuwa na alama C Alhamisi akawa na B Jumatatu. Katika siku hizo nne hakusoma hata ukurasa mmoja. Akili yake ilikuwa ile ile na tabia yake ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu wazima. Katika mwaka wa kawaida mtihani una haki zaidi ya hapo, bila shaka, lakini hata huo unapima saa chache tu. Haujui kama nyumbani kulikuwa na msiba, wala kama mtoto huyo ndiye anayemtafsiria bibi yake kwa daktari na kuwapeleka wadogo zake shule.

Je, nyuma ya alama kuna kitu kinachodumu? Kipo. Watafiti wa mji wa Dunedin, New Zealand, wamewafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2011 walitangaza walichokiona walipofikisha miaka 32. Waliokuwa na uwezo wa kujitawala tangu utotoni, yaani kusubiri, kuvumilia, kumaliza walichoanza, walikuwa na afya bora, matatizo machache ya fedha, na wachache wao walipatikana na makosa mahakamani. Hali ilikuwa hivyo hata walipolinganishwa na wenzao wa akili sawa na wa familia za hali moja.

Basi alama nzuri mara nyingi ni moshi. Moto wenyewe ni ile tabia. Mtoto aliyepata 9 kwa kujitawala ana moto. Aliyepata 9 kwa sababu baba alisimama nyuma ya kiti chake kila usiku, hatujui bado. Tutajua siku baba atakapokuwa hayupo. Na aliyepata 5 kwa kung'ang'ana, akitoka 2, huenda ana moto kuliko wote.

Wodi inauliza nini?

Tunaofanya kazi hospitalini tuna ushahidi mwingine. Ili usajiliwe kuwa muuguzi nchini hapa lazima utimize saa 2,300 za mazoezi kwa wagonjwa pamoja na masomo. Ukishasajiliwa, rejesta haimwonyeshi mgonjwa kama ulipata daraja la kwanza au la tatu. Kila baada ya miaka mitatu unahuisha usajili wako, na hapo huulizwi alama. Unaulizwa umefanya kazi saa ngapi, wenzako na wagonjwa wamekuambia nini, na unaandika mara tano yale uliyojifunza kutokana na kazi yako, pamoja na mahali ulipokosea.

Hilo la kukosea ndilo kubwa. Shuleni kosa linakupunguzia alama, kwa hiyo mtoto mwerevu hujifunza kulifunika. Wodini kosa lililofunikwa linaua. Muuguzi akitoa dozi isiyo sahihi na akasema dakika ile ile, "Nimekosea, njooni tumwangalie", mara nyingi mgonjwa atapona. Akinyamaza kwa kuogopa aibu, saa mbili baadaye huenda pasiwe na la kufanya. Tumefanya kazi na watu waliomaliza vyuo wakiwa wa kwanza ambao hawawezi kutamka "sijui". Tunaogopa kuwaachia wagonjwa. Tumefanya kazi pia na waliofaulu kwa shida, ambao kila mmoja wetu angetaka wamhudumie mama yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa turudi nyumbani kwetu.

Kijana wetu alirudia hisabati mwezi wa Novemba. Matokeo hutoka Januari. Januari ikapita. Tulipomwuliza, alisema bado hayajatoka. Tulimwamini hadi mwezi Machi, tulipokwenda kikao cha wazazi chuoni, mwalimu akatuambia kwa upole kwamba kijana alipata 3 tena, na kwamba kulikuwa na masomo ya ziada ya bure kila Jumatano ambayo hakuwahi kuhudhuria, kwa sababu fomu ilihitaji saini ya mzazi.

Tulirudi tukiwa na hasira. Tukamwuliza, "Kwa nini ulitudanganya?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilifikiri mnataka nifiche."

Hatukuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli. Tulimfundisha sisi, Jumapili ile, kwa mafua ya uongo. Miezi miwili ya msaada ilipotea. Alama 3 haikumnyima msaada huo. Aibu yetu ndiyo iliyomnyima.

Neno lile lile

Wengine mtasema, "Tukilegeza, watoto watabweteka. Sisi tulichapwa na tumefika hapa." Hoja hiyo ina ukweli wake. Mtoto anahitaji kudaiwa. Simu iwekwe chini, kazi ya shule ifanywe, walimu waheshimiwe. Lakini kudai bidii ni jambo moja, na kumfanya mtoto aamini kwamba nafasi yake katika familia inategemea tarakimu ni jambo jingine. La kwanza linamjenga. La pili linamfundisha kuficha, na mwenye kuficha hasaidiki.

Katika Mathayo 25 tunasoma mfano wa talanta. Mtumwa mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Linganisheni mstari wa 21 na wa 23. Yule wa tano aliyeleta kumi na yule wa mbili aliyeleta nne wanaambiwa na bwana wao maneno yale yale, wala wa mbili hapunguziwi sifa hata kidogo. Na yule wa tatu hakulaumiwa kwa kuwa na talanta moja. Alilaumiwa kwa kuifukia ardhini, na mwenyewe alieleza sababu: aliogopa.

Tusiwe wazazi wanaowapa watoto sababu ya kuchimba shimo.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya kanisa. Agosti hii tuwaite mbele vijana wote waliofanya mtihani, waliopata 9 na waliopata 2, na tuwaombee wote kwa sala moja. Hakuna atakayeulizwa alama. Anayetaka kuzitaja azitaje, nasi tutafurahi naye. Baada ya ibada, wauguzi, madereva, mafundi umeme na walimu tulionao tutakaa ukumbini kwenye chai, na kijana yeyote ambaye mlango umemfungia aje tumwonyeshe milango mingine: kurudia mtihani, mafunzo kazini, kozi za kuingilia chuo. Wengi wetu tulipita huko.

Nyumbani, usiku wa matokeo, kabla ya kuuliza umepata ngapi, tuulize: unaendeleaje? Nini kilikuwa kigumu? Tukusaidie wapi?

Kijana wetu alipata 4 mwaka uliofuata. Tulishukuru, kwa sababu mlango ni mlango. Lakini siku tunayoikumbuka zaidi ni ya mwezi uliopita. Alirudi kutoka kwenye mtihani wa udereva, akasimama mlangoni hata kabla ya kuvua viatu, akasema, "Mama, nimefeli." Kisha akauliza chakula kiko wapi.

Tukampakulia, tukala pamoja.

Mungu awabariki, na awabariki watoto wetu wote.