Kura Tatu na Ukaidi wa Geita

Mkutanoni Tabora, Januari 1958, TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akakihama chama. Je, aifuataye sheria dhalimu ili aing'oe hushiriki dhuluma yake?

Mwaka huo huo watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wakaenda Mwanza kudai haki. Wakatawanywa kwa moshi wa machozi.

Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda 1958 na 1959, nao ushindi huo wasifiwa, kwa haki, kuwa tunda la subira. Lakini subira yataka chama cha kuilea, na Usukumani TANU ilikuwa imekatazwa tangu 1954. Mkulima wa Geita, asiye na tawi, wala kipato au elimu iliyodaiwa na sheria ya kura, angefanya hila kwa chombo gani? Alichokuwa nacho ni kukataa tu.